Ubeti wa Majina

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimelala katika stesheni nyingi tangu hapo na mengi yamenidondoka njiani. Ilikuwa asubuhi ya mvua za kwanza, kijijini Kwihara, na mzee mmoja aliweka zeze lake chini katikati ya shamba, kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi mjini kwa mama yangu, mtaa wa Cheyo, nina gitaa na wenzangu wawili, nasi tulijiita bendi. Tulipiga nyimbo za watu wa Dar es Salaam, na za Kongo ambazo hatukujua hata maneno yake. Watu walicheza, kisha wakarudi makwao wakiwataja wenye nyimbo. Hilo liliniuma. Nilitaka wimbo wa kutajwa mimi.

Nikaukuta kwa mjomba wangu, Kwihara. Kule majirani hulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mbele yao hutangulia manju, yaani mwimbishaji, akienda kinyumenyume na zeze lake huku majembe yakimfuata kwa mpigo mmoja. Manju wao alikuwa Mzee Maganga. Alikuwa na wimbo wa Kinyamwezi wa mpagazi, mbeba mizigo wa zamani, anayeiuliza njia ya pwani kama bado inaikumbuka miguu yake. Mimi sikuwa mlimaji, lakini wimbo ule ukianza nilikuwa nasahau malengelenge.

Katikati yake palikuwa na ubeti mmoja ulionichosha. Mzee alitaja majina tu: mimi nimeupata kwa Ngassa, Ngassa aliupata kwa Sizya, Sizya aliupata kwa mwanamke wa Ujiji aliyekuwa akitwanga. Niliona ni orodha ya marehemu, haina utamu. Basi nilipougeuza wimbo kwa Kiswahili na kuutia gitaa, ubeti ule niliukata.

Tuliupiga kwanza arusini, mtaa wa Kanyenye, mjini humo humo, kwa familia moja ya wafanyabiashara wenye asili ya Omani. Kina mama wakataka urudiwe mara tatu. Mwenye shughuli, mzee mpole wa kanzu nyeupe, aliniita mbele ya wageni akaniuliza wimbo ule ni wa nani. Nikamjibu kwamba ni wangu, nimeutunga mwenyewe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia maji kabla sifa hazijaisha kusemwa. Wimbo ukanakiliwa kwenye kanda, kanda zikatembea, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa naitwa Mpagazi barabarani. Na nilikuwa naitika.

Njia ya mwongo ni fupi. Mvua zilipofika, kikundi cha walimaji wa Kwihara kilikuwa kwa Bi Kalunde, mjane ambaye hakuwa na wa kumlimia isipokuwa majirani hao. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu mjomba, nikashika jembe na mimi nionekane. Mzee Maganga akaanza wimbo wa mpagazi. Vijana wakaangaliana, na mmoja akasema kwa sauti, "Babu naye siku hizi ananunua kanda. Babu, huo wa mjini, mwachie mwenyewe. Si huyo hapo?"

Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, maana mjukuu na babu ni watani. Mzee aliwatazama, kisha akanitazama mimi. Akangoja. Ile ilikuwa nafasi yangu, mwanangu, fupi kama pumzi moja, na niliitumia kuangalia mpini wa jembe.

Akaliweka zeze juu ya tuta, akaomba jembe, akaenda kulima mwisho wa mstari. Bila wimbo mpigo ukavurugika, watu wakachoka mapema, wakaondoka mmoja mmoja. Adhuhuri ilifika nusu ya shamba la mjane haijaguswa.

Alasiri mjomba alinipeleka kwa mzee nikaombe radhi. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mwizi. Nikamwambia nimekosa kuuchukua wimbo wake.

"Wangu tangu lini?" akasema. "Na mimi niliuchukua. Kuchukua si kosa, mjukuu wangu. Wale watu umewapeleka wapi?"

Nikauliza watu gani.

"Ngassa. Sizya. Yule mama wa Ujiji. Makaburi yao hayajulikani. Mle wimboni ndimo walimokuwa wanakaa. Umewatoa nje ukaingia peke yako."

Akanieleza sharti ambalo sikuwahi kulijua kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Kila anayeupokea wimbo ule huwataja waliomtangulia, kisha huongeza ubeti mmoja wa jambo aliloliona kwa macho yake. Ngassa aliongeza kidonda cha bega. Yeye Maganga aliongeza siku baba yake alipopanda treni mara ya kwanza akakataa kukaa, kwa kuwa safari ni ya kusimama.

"Wako uko wapi?" akaniuliza. "Umeimba miguu ya watu. Wewe umetembea wapi?"

Nilikuwa nimetembea Cheyo hadi Kanyenye.

Kesho yake nilisimama mbele ya kikundi kwa Bi Kalunde, nikasema kweli. Walinizomea, na mmoja akanikumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikauimba ubeti wa majina bila gitaa, nikaongeza jina la Maganga. Shamba likaisha. Lakini mzee hakulishika zeze. Alisema masikio ya vijana yamezoea gitaa langu, tusubiri yasahau. Hakuufikia msimu uliofuata. Na kanda zilizokwisha kutembea sikuweza kuzirudisha. Mpaka leo wako wanaoujua wimbo ule bila mtu hata mmoja ndani yake.

Ubeti wangu ulichelewa sana. Niliutafuta Uvinza, Kigoma na Mpanda, na ulikuja Kaliua, nilipomwona mama mmoja akikimbia sambamba na treni ili amrudishie kofia abiria asiyemjua.

Mwanangu, mimi sikukatazi kuazima. Najua simu yako imejaa midundo ya Nigeria na Afrika Kusini, na najua mkono wako unataka kuiga. Iga ujifunze. Hata huu tunaouita wimbo wa kwetu ulikuja kwa miguu kutoka Ujiji, ukitoka kwenye kinu cha mwanamke mgeni. Ila ukichukua, sema ulikochukua, na usisimame kuimba mpaka umetia humo kitu ulichokiona wewe. Na siku ukiwa msikilizaji tu, usiridhike na utamu. Uliza nani aliimba kabla. Kuuliza kungeniokoa.

Mimi nikiuimba sasa humtaja mama wa Ujiji, Sizya, Ngassa na Maganga. Jina langu silitaji. Hiyo ni kazi ya atakayeupokea kwangu.

Mola akupe sikio la kupokea na ulimi wa kushukuru. Akupe safari zako mwenyewe na akurudishe salama. Na wimbo wako utakapochukuliwa, mwanangu, maana utachukuliwa, Mola auangushe katika mkono wa mtu asiyekata majina.