Nilivyobeba Sufuria ya Msikiti hadi Mutshatsha

Mama ndiye aliyenituma. Mwaka ule mishahara ya mgodi ilikauka, na watu wa mtaa wetu hapa Kolwezi, walipomaliza kuwafukuza Wakasai, wafanyakazi waliotoka jimbo la Kasai, wakakumbuka kwamba Waislamu nao walitoka mbali. Wakavunja msikiti, na jirani yetu Tata Saidi na mkewe wakakimbilia Mutshatsha. Sisi hatukuvunja kitu. Tuliokota tu sufuria kubwa ya Idi, ile tuliyozoea kuiazima hata kwa ubatizo. Wizi wa watu wenye adabu.

"Uende kwa Tata Saidi, umwambie barudi," Mama alisema. "Na useme yote."

Hiyo "yote" ndiyo iliyokuwa nzito kuliko sufuria.

Jumanne nilifika kituoni. Treni ilifika Alhamisi. Behewa la mkaa lilijaa, nikakaa ndani ya sufuria kama mfalme. Muuza mihogo mmoja akaniuliza, "We kijana, tukupike saa ngapi?"

Mutshatsha, Ijumaa baada ya swala. Tata Saidi, aliyekuwa na lori kabla halijachomwa, sasa alikuwa anauza chumvi mlangoni. Mkewe, Mama Zaina, aliitambua sufuria kabla ya kunitambua mimi.

"Mama anaomba murudi," nikasema.

"Mulipikamo nini?" Tata akauliza.

Nilitazama miguu yangu. "Nguruwe, tata. Ya Noeli."

"Ilikuwa tamu?"

"Padiri aliongeza mara tatu."

Mama Zaina aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Tata hakucheka. "Inaoshwa mara saba, moja na udongo. We njo utaosha."

Mtoni, saa tisa. Nilihesabu nne, yeye juu ya jiwe akasema, "Tatu." Kisha, taratibu, akataja kila jirani aliyesimama mbele ya nyumba yake yeye Tata siku lori lilipochomwa. Mama yangu alikuwemo. Hakurusha kitu, alisimama tu, akitazama. Nilikuwa sijui. Nikasugua. Mara ya saba Tata akavua viatu, akaingia majini, akashika upande wa pili.

Jumapili nilitaka kuiacha sufuria, akakataa. "Rudi nayo. Mi nitakuya kwanza peke yangu. Mama yako apikemo wali, anipokee ye mwenyewe pa mulango, bantu bote baone."

Kolwezi, Jumatano. Mama akauliza, "Ulisema yote?"

"Yangu, mama. Yako, Tata anakuja kuyasikia mwenyewe."

Nilijifunza kwamba nguruwe huoshwa mara saba. Kusimama ukitazama, hakuna aliyenitajia hesabu yake. Mama alikaa chini, akaanza kuchambua mchele, na Tata hata siku ya kuja hajasema.