Pumzi Niliyompulizia Ndugu Yangu

Nakumbuka siku ya daktari pale godauni la chai, Changamwe, kwa sababu ndiyo siku moja katika mwaka tuliyogawiwa barakoa mpya. Pipa kubwa la kuchanganyia chai lilizimwa tangu asubuhi. Sakafu ilimwagiwa maji, madirisha yakafunguliwa, hewa ikawa safi kama ya matajiri kule Nyali. Daktari akaingia, akakuta watu wasafi ndani ya jengo safi. Alipoondoka, barakoa zilikusanywa zote, zikarudishwa stoo hadi mwaka ujao. Mwanangu Faraji, miaka mingi imepita, na bado nikizikumbuka barakoa zile damu inanichemka.

Nakuandikia haya kwa sababu ya kile ulichonionyesha juzi kwenye simu yako. Jumatatu unakwenda kupimwa kabla ya kuanza kuendesha foklifti ya kuinulia mizigo katika yadi ya makontena. Jicho lako la kushoto halioni vizuri, wewe unajua na mimi najua. Rafiki yako amekutumia picha ya ule ubao wa herufi wa kupimia macho, nawe umezikariri zote mpaka mstari wa chini kabisa. Ulinisomea ukiwa umefumba macho, ukacheka.

"Baba mkubwa, hapo nimepita tayari!"

Sikucheka. Niliinuka nikatoka nje, nawe ukadhani nimekasirika bure. Nilikasirika, ndiyo, lakini si bure.

Unajua tulivyolelewa. Wazazi walitutoka nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba kimoja Chaani. Baba yako, Khamisi, ndiye aliyenifuata kwa kuzaliwa. Nilimtafutia shati la shule, nikamtafutia daftari, na alipomaliza masomo nikamtafutia kazi palepale nilipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nje, napakia malori. Yeye akawekwa kwenye pipa.

Kazi ya pipa ni kupasua magunia ya chai na kuyamimina ndani. Pipa linazunguka na vumbi linapanda. Watu hudhani chai haina madhara kwa kuwa hunywewa. Lakini vumbi lake ni jepesi mno, linaingia puani, linashuka kifuani, linakaa. Mwaka haukuisha, Khamisi akaanza kukohoa. Jumapili akiwa nyumbani kifua kilitulia. Jumatatu jioni kilianza tena kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Baba yako, mwanangu, alikuwa na mluzi wa vidole viwili uliosikika mtaa mzima. Ndio alioniitia chakula nikiwa mbali. Nao ukaanza kukatika.

Hapo ndipo siku ya daktari ilipofika, nasi sote tulikuwa na hofu. Mwaka uliotangulia, wenzetu wawili waliandikiwa kwamba vifua vyao haviko sawa. Hawakuhamishiwa kazi nyingine isiyo na vumbi. Waliambiwa wakapumzike nyumbani, na asubuhi majina yao hayakuitwa tena langoni. Kwa hiyo tulijifunza kwamba daktari haji kututazama sisi. Anakuja kuwachagua wa kufukuzwa. Nani alitufunza hivyo kama si wao wenyewe?

Meza iliwekwa kwenye chumba cha kulia. Juu yake palikuwa na kifaa chenye mrija. Unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu zako zote, na kifaa kinaandika kifua chako kina uwezo gani. Supavaiza alisimama begani mwa daktari na orodha ya majina, akisikia kila jibu la kila mtu. Mbele ya mtu huyo, nani angesema anakohoa?

"Kaka, sitapita," Khamisi aliniambia kwenye foleni.

"Utapita."

"Nitapitaje? Hata ngazi ya stoo siimalizi bila kusimama."

"Nimesema utapita. Nipe kofia yako."

Nilipuliza zamu yangu kwanza. Nyuma yangu alikuwa Mutua, jamaa wa bara aliyependa mzaha. "Huyu akipuliza tena, meli zote zitasogea Kilindini!" akasema, na foleni nzima ikacheka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamwacha ndugu yangu stoo, nikavaa kofia yake, nikapandisha barakoa mpaka chini ya macho, nikarudi.

"Khamisi!" supavaiza akaita.

"Naam."

Daktari aliinua kichwa. "Wewe si umepita sasa hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, supavaiza alijibu. "Ni ndugu yake, daktari. Tumbo moja, wanafanana. Tuendelee, kazi inatungoja."

Alinijua vizuri kabisa, mwanangu. Alinikonyeza. Daktari alinitazama kidogo, kisha akanipa mrija. Nikaupitisha chini ya barakoa, nikapuliza. Akaandika kwamba Khamisi ana kifua kizima na anafaa kazi ya pipa.

Bi Zainabu, mama mtu mzima aliyefagia pale, alikuwa ameniona nikibadilisha kofia. Alinifuata hadi kwenye malori.

"Bakari, umefanya nini?"

"Nimemsaidia mdogo wangu, Bi Zainabu."

"Umemsaidia? Mtoto kifua kinamlilia, wewe umekiziba mdomo. Haya, na kesho mvutie na lile vumbi. Simama wewe kwenye pipa."

Nilimjibu kwa adabu, lakini kwa kiburi ndani yake, kwamba hajui ulivyo mzigo wa kulea watoto wasio na baba wala mama.

"Naujua," akasema. "Ndiyo maana nakwambia." Akaokota fagio lake akaenda zake.

Sikumsikia. Mwaka uliofuata nilimpulizia tena ndugu yangu, na mara hiyo sikuona hata haya.

Miezi michache baadaye Khamisi alianguka kando ya pipa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na neno halitoki. Tulimbeba kwa mkokoteni wa magunia mpaka langoni, tukampeleka hospitali. Daktari wa huko alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akaniambia mgonjwa huyu ameumwa kwa miaka. Angeondolewa kwenye vumbi mapema, huenda kifua kingerudi. Sasa kimeharibika. Kisha akaniuliza, "Hivi huko kazini hamkupimwa?"

Nilikwenda ofisini kuomba atibiwe na apewe kazi mbali na vumbi. Meneja alifungua faili, akatoa karatasi mbili. "Mdogo wako alikuwa mzima. Hizi hapa. Ugonjwa huu ameupata kwingine."

Nilizitazama. Ilikuwa pumzi yangu imeandikwa jina lake.

"Aliyepuliza ni mimi," nikasema. "Na huyu supavaiza anajua."

Supavaiza alikuwa amekaa palepale. "Mimi? Basi ulimdanganya daktari," akasema. "Shukuru Mungu hatukushtaki." Wallahi, hakupepesa macho. Yuleyule aliyenikonyeza! Siku hiyo tulifukuzwa sote wawili, mimi na baba yako, bila kazi na bila dawa.

Mwanangu, nimewakasirikia watu wale nusu ya umri wangu, na sitaacha. Walitaka karatasi, hawakutaka afya ya mtu. Wangekuwa na nia njema, pipa lingepimwa likiwa linazunguka, na barakoa zingekaa usoni mwetu mwaka mzima. Lakini hasira inayoniuma zaidi ni ya mkono wangu mwenyewe. Karatasi waliyoitaka niliwapa mimi. Walipohitaji ushahidi dhidi ya ndugu yangu, waliukuta nimewaandalia.

Sasa na wewe unawaandalia wako. Siku jicho lile litakapokosa kumwona mtu aliyeinama kando ya kontena, utamkanyaga mwana wa watu. Na ofisi itafungua faili: dereva alisoma mpaka mstari wa mwisho, sisi hatuna lawama.

Kwa hiyo nisikilize. Ifute picha ile. Jumatatu soma herufi unazoziona, na usizoziona, sema sizioni. Huenda dawa yake ni miwani tu. Supavaiza akisimama pale, mwombe daktari amtoe, kwa sauti ya adabu lakini wasikie wote. Uliza wameandika nini juu yako, omba nakala, uiweke nyumbani. Ukianza kazi na kitu kikakuuma, sema mapema, useme na wenzako, maana mmoja ni rahisi kumtoa langoni. Na usimkopeshe mtu macho yako, wala mkojo wako, wala kifua chako, hata akiwa ndugu wa kufa na kuzikana. Wakikukataa kwa sababu ya kusema kweli, rudi nyumbani. Nililea watatu kabla sijaota ndevu. Sishindwi na wewe mmoja.

Nimemsomea baba yako barua hii kabla ya kuikunja, kwa sababu siri ni yake pia. Nilipomaliza alitia vidole viwili mdomoni akuite uje uichukue mwenyewe. Akajaribu, akajaribu tena. Ulitoka upepo tu. Ndiyo maana umeletewa.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na ya kila atakayepita mbele ya mashine yako. Akupe pumzi iliyo yako mwenyewe, na ulimi wa kusema siku itakapopungua. Amina.