Mectilda na Maji ya Kigamboni

Mectilda alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika yote hiyo hakuwahi kushinda siku nzima mikono mitupu. Kwao Gitting, chini ya Mlima Hanang, akimaliza kupalilia viazi, kuna ng'ombe. Akimaliza ng'ombe, kuna kuni. Kwa hiyo binti yake Irene, mwalimu Dar es Salaam, alipompeleka ufukweni Kigamboni na kumwambia, "Mama, leo tunapumzika tu," alivumilia kama nusu saa.

"Haya, tumepumzika," alisema. "Sasa tunafanya nini?"

"Tunaendelea kupumzika, mama."

Ufukwe ulikuwa kimya. Kulikuwa na familia moja chini ya mwavuli, vijana wawili, na bwana mmoja mnene aliyelala kifudifudi kando ya gari lake, alilolileta mpaka mchangani.

"Yule ni mgonjwa?"

"Anaota jua."

Mectilda akamtazama tena yule bwana. Kwao jua huotwa asubuhi, baridi ikiuma, na mtu huliota huku anachambua maharage.

Irene alipokwenda kununua chipsi, mama yake akabaki kuyatazama maji. Jiwe walilolikuta pakavu sasa lilikuwa limezama nusu. Akachomeka kijiti mchangani, akasubiri. Muda si mrefu kijiti kikawa majini. Mwaka ule Mlima Hanang ulipoteremsha tope, waliopona ni walioondoka mapema, naye hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Akakaza kitenge, akamwendea mmoja baada ya mwingine.

"Amkeni. Maji yanapanda. Chukueni watoto, vitu acheni."

Hakupiga kelele, alisema kama mwenyekiti wa kitongoji, na labda hilo ndilo lililowatisha. Familia ikakimbilia kwenye minazi na mwavuli wao ukiwa wazi. Vijana wakafuata.

Irene alirudi akakuta ufukwe mtupu, mama yake anamtikisa yule bwana bega.

"Mama, bahari hujaa na kupwa kila siku. Mwezi ndio unaoyavuta maji."

Mectilda akatazama juu. "Mwezi wenyewe uko wapi?"

Watu walianza kurudi wakicheka, na Irene akatamani mchanga ummeze. Lakini bwana mnene hakucheka. Maji yalishagusa tairi za nyuma, na alipowasha gari, zikazunguka palepale na kuzidi kuzama.

"Zima," alisema Mectilda.

Hapo sasa alikuwa nyumbani. Masika ngapi amesukuma magari ya viazi yaliyonasa! Aliwatuma vijana makuti, akapiga magoti akafukua mchanga kwa mikono, akayapanga makuti mbele ya kila tairi.

"Gia ya kwanza, polepole. Usikanyage mafuta kama unaua nyoka. Nyie wengine, sukumeni."

Mara ya tatu gari likatoka. Bwana akashuka, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa Dar."

"Na hukujua kwamba maji yanapanda?"

"Nilijua, mama. Nilisinzia."

Aliwaomba awapeleke mpaka kivukoni. Mectilda alikaa mbele, mchanga umemjaa hadi viwikoni, akimweleza namna ya kuchagua tairi za kwenye tope. Bwana aliitikia "ndiyo, mama" kwa kila neno. Nyuma, Irene alicheka mpaka chipsi zikampalia.