Limechanua Wapi

Kwetu Maretadu mvua ikinyesha, mtu anachukua jembe. Sikuwahi kusikia kwamba kuna watu wanaoacha ardhi imelowa na mbegu zipo nyumbani, eti wanasubiri ua. Kisha nikaolewa huku Basotu, kwenye nyumba ambayo mama mkwe ndiye anayesema lini tunapanda, na hasemi mpaka ashuke ziwani kuangalia. Jina lake silitaji. Mke wa mtoto hataji jina la mkwe huku, na mimi nimeshazoea.

Anaangalia vitu viwili. Cha kwanza ni ua jekundu la mviringo, kubwa kuliko ngumi, linalotoka ardhini kabla ya majani yake. Cha pili ni korongo weupe wenye mabawa meusi kwa nyuma, wale wageni wanaofika kwa makundi mvua zikiwa za kweli na kutembea malishoni wakiokota wadudu. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Miaka yote nimemfuata kwenye ule ukingo wa ziwa. Mwanzoni nilikuwa nakwenda nimenuna, maana kazi zilinisubiri nyumbani na yeye alisimama kwa kila kitu: maua meupe yaliyolala kwenye nyasi kama karatasi zilizodondoka, ndege mwari wakiogelea kwa mstari, gugu la kongwe lenye ua la bluu ambalo mimi nilikuwa nang'oa tu shambani na kuwapa sungura. Sijui ni lini ugonjwa wake ulinipata. Siku hizi kabla hajanyoosha kidole, mimi nimeshaona.

Mwaka huu goti lake liligoma kabisa. Mvua ya kwanza ikapiga mapema, na asubuhi majirani wote walikuwa shambani. Mume wangu alikuwa ameshafunga maksai kwenye plau. Lakini mbegu ya maharage ilikuwa kwenye kibuyu cha mama mkwe, imechanganywa na majivu, na kibuyu hicho hakifunguliwi na mkono mwingine. Ni maharage madogo ya rangi ya maziwa yenye doa jekundu, aliyokuja nayo siku alipoolewa. Msimu uliopita jua liliunguza karibu shamba zima, tukabaki na hayo ya kibuyuni tu. Dukani yapo maharage ya kila aina ila hayo hayapo. Yakifia ardhini, ndiyo basi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaweka mguu vizuri juu ya kigoda.

"Nenda wewe," akasema. "Ukisema tupande, tunapanda."

Mume wangu akasema kwa utani kwamba hata yeye analijua jibu na wala hajavaa viatu. Mimi sikucheka. Nilitelemka kwenye njia ya ziwani nikiwa na hofu, kwa sababu sikuwahi kupewa mzigo wa namna hiyo, na nilimwonea hasira kidogo kwa kunipa.

Nikayaona maua mapema kuliko nilivyotegemea. Yalikuwa chini ya bomba la kijiji, mekundu, mengi, yamesimama wima kana kwamba yalijua nakuja. Moyo ukatulia. Mbele kidogo, kwenye malisho, kulikuwa na ndege weupe katikati ya ng'ombe. Simu ikaita. Mume wangu akauliza vipi, limechanua? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, nikahisi ubaridi kwenye vidole vya miguu. Nilikuwa nimesimama kwenye matope. Lile bomba linavuja tangu kiangazi, na maji yake yanateremka pale pale kwenye maua. Nikamwambia nakuja.

Nikaenda kwenye mawe ya ukingoni, mahali mama mkwe anapoangalia siku zote. Hapakuwa na hata kichwa kimoja chekundu. Nikachimba kwa kidole. Juu palilowa, lakini kidole hakijazama nusu nikakuta vumbi. Nikawasogelea wale ndege, nikitamani sana wawe korongo. Walikuwa yangeyange, hao hao wanaofuata ng'ombe wetu mwaka mzima.

Mama mkwe aliponiona mlangoni aliuliza kwanza kama limechanua. Nikasema limechanua.

"Limechanua wapi?"

"Kwenye maji ya bomba, mama. Kwenye mawe hakuna kitu."

Akanitazama. "Na wewe unasemaje?"

Nikasema tusubiri. Mume wangu akawafungua maksai bila kuniangalia.

Siku zilizofuata zilinitesa. Manyunyu yaliporudi nilijiona nimeharibu kila kitu. Maharage ya majirani yakaota, kijani kizuri, na jirani mmoja akawa kila akinikuta bombani ananiuliza kama ua letu limepotea njia. Nilicheka naye, lakini nilikuwa naumia. Tukichelewa mno, nayo ni hasara ile ile. Kila asubuhi nilishuka ziwani kabla ya kuwasha moto, nikarudi na jibu lile lile.

Kisha jua likatoka, likakaa. Maharage ya majirani yakajikunja shambani. Sikufurahi, ni watu tunaokula nao. Walikuwa na mbegu nyingine, ya dukani, wakaanza kungoja na wao.

Mawingu yalirudi kutoka upande wa mlima Hanang, mvua ikanyesha siku kadhaa bila haraka. Asubuhi moja nilipofika ukingoni, malisho yote yalikuwa meupe. Korongo walikuwa wanatembea polepole kwenye nyasi zilizolowa, miguu mirefu myekundu, wala hawakunijali. Nikageukia mawe. Maua yalikuwa yametoka kati ya jiwe na jiwe, mengine bado na udongo kichwani. Nililia pale peke yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilirudi karibu nakimbia. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, na kibuyu kipo miguuni pake. Sijui alikitoa saa ngapi. Nikasahau hata kumwamkia.

"Tupande," nikasema.

Nikangoja aniulize limechanua wapi. Nilikuwa na majibu yote tayari: mawe, korongo, udongo umelowa mpaka kidole chote kinazama. Hakuuliza. Alikiinua kibuyu kwa mikono miwili na kuniwekea mikononi.

"Fungua," akasema.