Kelele za Mtambo na Jina la Paskalina

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa zamu alinieleza kazi yote kwa mikono. Alinyooshea kidole gunia, akanionyesha sindano ya chuma na uzi wa katani, akanisukuma bega nikae. Midomo yake ilikwenda lakini sikuambulia neno. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi katika shamba la ngano la serikali huku kwetu Hanang, binti wa kijiji cha Nangwa mwenye cheti cha darasa la saba.

Ninyi vijana mkiuliza habari za enzi zile mnataka kusikia habari za kombaini za kuvunia zilizopangana uwandani. Zilikuwepo, na zilipendeza. Mimi nitawaambia ya mtambo wa kusafishia ngano. Ndani ya banda la mabati, mkanda wa vikombe ulipandisha ngano juu, machekeche ya chuma yakaitikisa, feni kubwa ikapuliza makapi nje, na sisi wanawake tukashona magunia palepale chini. Beringi ya feni ilikuwa imekwisha, ikalia ukelele mmoja mkali asubuhi hadi jioni.

Watu hudhani kelele huumiza masikio tu. Huumiza roho kwanza. Msimu mmoja tu tulikuwa watu wengine. Ukiguswa bega unaruka. Ukienda dukani kununua chumvi na sabuni unarudi na chumvi. Tulinuniana kwa ajili ya kipande cha uzi. Kijijini wazee walilalamika kwamba wasichana wa shamba wanapita bila shikamoo, hawana adabu. Adabu tulikuwa nayo! Tulipita vichwa vinavuma, hata mzazi wako humwoni.

Aliyeumia zaidi ni Paskalina, mwenzangu wa benchi, mcheshi na mwimbaji wa kwaya. Jioni moja alikuja kwangu, akanikabidhi mtoto wake mchanga, Veronika.

"Dada, mshike. Akilia nasikia ile feni. Naogopa mikono yangu."

Kesho yake tulikwenda kwa Meneja wa Mtambo. Tuliomba beringi ibadilishwe, na tupokezane kufanya kazi nje ya banda.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba. Semeni upesi."

Tulisema. Akacheka.

"Feni si inazunguka? Basi beringi haijafa. Na nyie wanawake mna kelele kuliko mashine. Anayeshindwa akalime."

Wiki hiyohiyo alihamishia ofisi yake ng'ambo ya uwanja, karibu na nyumba za wakubwa. Sababu aliitaja mbele yetu bila haya: pale mtamboni hawezi kufikiri. Nikikumbuka, damu inanichemka mpaka leo. Kwani sisi shingoni tulibeba maboga?

Haukupita muda, Paskalina akatupa sindano katikati ya zamu, akapiga yowe, akakaa chini ameziba masikio. Mashine haikuzimwa. Msimamizi alisema amerukwa na akili, na kwa neno hilo akafukuzwa. Mume naye akalishika neno hilohilo, akamrudisha kwao Dongobesh pamoja na mtoto, akaoa mwingine.

Nilimtembelea baada ya mavuno. Nilimkuta anakamua ng'ombe huku anaimba, mtoto mgongoni. Hakunywa dawa yoyote, alipata utulivu tu. Nilirudi mbio kumwambia Meneja, nikidhani atamrudisha kazini.

"Kichaa hakiponi," alinijibu. "Kinapumzika."

Baadaye nilihamishiwa ghalani, kisha kwenye mizani, chini ya wakuu wengine. Beringi ile ilibadilishwa siku ilipovunjika na kusimamisha kazi. Ngano ilipochelewa ndipo wakaona haraka.

Sasa nimestaafu. Nasikia siku hizi viwandani wanagawa vizibo vya masikio. Vizuri. Lakini mtu akianza kufoka au kulia ovyo kazini, msikimbilie kutafuta ubaya wa tabia yake. Nendeni mkasimame mahali anaposimama yeye.

Nilipokuwa bado kwenye mizani, Veronika aliposwa, nami nikaalikwa. Wageni walifika Dongobesh, wakauliza kwa upole kama katika ukoo kuna kichaa, maana wamesikia habari za mama. Paskalina akainamisha kichwa. Nikasimama mimi, nikaeleza yote, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kwenye posa.

Msemaji wao alikuwa mzee aliyeendesha kombaini miaka mingi katika shamba lilelile. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Mama," aliniambia, "mimi jioni moja nilishuka kwenye kombaini kichwa kinavuma, nikampiga ng'ombe wangu wa maziwa kwa mpini wa jembe, kwa sababu alilia. Nikamvunja mguu. Nyumbani wakasema nimerogwa, na mimi nikaamini mpaka leo hii."

Kisha akamgeukia Paskalina.

"Mama Veronika, hatuulizi tena. Tunaomba binti yako."