Buruna Alivyopata Ukoo

Siku yangu ya kwanza kazini, afisa wa kliniki wa zahanati ya Endebess alinipa pembe ya mbao na kuniambia niitegee sikio kwenye tumbo la mama mjamzito. Nikasikia mngurumo. Nikatangaza kwamba moyo wa mtoto uko sawa. Afisa alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Sista Nakhumicha, hiyo ni maharagwe," akasema. "Tafuta tena."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ukunga. Nyinyi mnaosomea kazi hii sasa mna mashine zinazowahesabia mapigo ya moyo wa mtoto. Sisi tulikuwa na ile pembe na subira, na siku hiyo nilipata aibu ya kunitosha mpaka kustaafu.

Kutoka Endebess nilihamishiwa hospitali moja ya misheni nje kidogo ya Kitale, chini ya Matroni aliyekuwa akipapasa rafu zote kwa kidole kutafuta vumbi, na akilipata alikuonyesha hicho kidole bila kusema neno. Alinifundisha kumkagua mtoto mchanga kuanzia kichwani. Utosi ukibonyea, amekaukiwa maji. Ukimtia kidole kinywani asinyonye, ita daktari. Daktari wetu alikuwa mama wa Kijerumani, mrefu, mchache wa maneno, aliyekunywa chai bila sukari, na hilo peke yake lilitutia mashaka.

Ndipo akaja Rosa, mke wa mkulima wa kule Endebess. Mtoto wake wa kiume nilimpokea kwa mikono yangu, mzima, mwenye sauti. Lakini alikataa ziwa. Alilia mchana kutwa, akalia kesho yake, sauti ikakauka akabaki kufungua mdomo tu. Daktari alimpima kila kitu asione ugonjwa. Tulimpitishia mrija mwembamba puani ili tumpe maziwa, akayatapika yote. Nilipogusa utosi kidole kilizama, nikaogopa. Yule mtoto alikuwa anatutoka.

Mama mkwe wa Rosa, kukhu kama sisi Wabukusu tunavyowaita bibi zetu, alikuwa ameketi kitandani akiita majina. Kwetu mtoto akilia hivyo husemwa kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Huitwa mmoja mmoja, na ziwa liko tayari.

"Wanyonyi, kama ni wewe, nyonya," kukhu alisema. Mtoto alilia. "Simiyu, kama ni wewe, nyonya."

Matroni alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mama, hapa ni wodi, si matanga."

"Si mtuache tumalize, Matroni? Dawa yenu imeshindwa, bana," kukhu akasema.

Matroni alishusha mikono. Alikuwa Mbukusu pia, ingawa kazini alipenda kusahau.

Majina ya upande wa baba yakaisha, ya upande wa mama yakaisha. Kukhu akafunga macho. Rosa akamshika mkono.

"Kukhu, kuna mwenye umebakisha?"

"Kuna mmoja. Lakini huyo si mtu wetu."

Akatusimulia. Mumewe alikuwa mnyapara wa ng'ombe kwenye shamba la Mjerumani mmoja, Bwana Buruna, mtu asiye na mke wala mtoto. Buruna alipofariki hakuna ndugu aliyekuja. Mnyapara alimwonea huruma, akachimba kaburi, akalala nje kando ya moto kama mfiwa, kisha akanyolewa nywele.

"Nilimwambia mzee, unafanya nini?" kukhu akasema. "Nywele inanyolewa na mwenye amefiwa na wake. Akasema ati mtu hawezi zikwa kama mbwa. Sasa ona. Alimfanya kuwa ndugu yetu, na sisi hatujawahi mpatia kitu."

Rosa alilia, "Si umuite basi! Mtoto anakufa!"

Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani, wodi inanuka dawa ya kupigia deki. Kukhu alisogeza mdomo karibu na sikio la mtoto.

"Buruna, kama ni wewe, nyonya."

Wodi ilinyamaza. Nasema wodi nzima, jamani. Watoto wa vitanda vingine waliokuwa wakilia walikata sauti kwa pamoja, na mama zao wakatazamana. Mtoto wa Rosa aligeuza uso polepole, akamkazia kukhu macho, kama mtu mzima aliyesubirishwa sana. Halafu akashika ziwa. Mwili wangu wote ulisisimka, na mimi ni mtu wa kanisani.

Daktari alikuwa amesimama nyuma ya Matroni. Jioni aliniita chai.

"Jina lile ni Brunner," aliniambia. "Zamani kwetu watu hawakuwa na jina la ukoo. Kijiji kikiwa na akina Hans wengi, mmoja aliitwa Hans wa kinu, mwingine Hans wa chemchemi. Huyo wa chemchemi ndiye Brunner, au labda aliyechimba visima. Watoto wake wakalibeba, hata waliohamia mbali na maji."

"Sisi tunaitwa kwa majira," nikamwambia. "Mimi ni Nakhumicha kwa sababu nilizaliwa watu wakipanda."

"Letu hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Asiyezaa, linaishia kwake." Akazungusha kikombe chake kisicho na sukari. "Huyu amekataa liishe."

Padri alimbatiza mtoto jina la Brunner, mwalimu akamwandika Buruna, na alipokwenda kufanya kazi Bungoma majirani wakamwita Buluna. Rosa aliniambia kwamba mtoto akiwa mdogo, kila walipopita kisima cha lile shamba la Mjerumani, alisema maji yake yana chumvi. Kisima kilikuwa kimefunikwa kabla Rosa hajazaliwa. Walipokifunua ili wanyweshee ng'ombe, ng'ombe waliyalamba maji yale, wakaendelea kuyalamba, hawataki kuondoka. Nikauliza bei ya maziwa.

Nami nilihamishiwa Bungoma, nikawa Matroni, nikapapasa rafu, nikastaafu. Sasa nakaa kwangu nje ya Kitale na kuku wangu. Watoto niliowapokea wananisimamisha sokoni, lakini mwenyewe sikujaliwa hata mmoja. Linaniuma. Siwezi kuwadanganya kwamba kazi huziba pengo hilo.

Juzi asubuhi nikipembua mahindi, simu ikalia. Alikuwa Buruna, ambaye mkewe amejifungua binti huko Bungoma.

"Mama, uko?"

"Nitakuwa wapi tena?"

"Nauliza tu. Uko mzima?"

"Mzima kabisa. Kuna nini?"

Nikasikia analia. "Mtoto amekataa ziwa, mama. Mama Rosa, ndiye kukhu sasa, ameita watu wetu wote. Hata yule Buruna wa zamani. Halafu leo akakuita wewe ulionipokea, ati pengine umeshatangulia na hatukuambiwa. Akasema, 'Sista Nakhumicha, kama ni wewe, nyonya.' Amenyonya."

Mahindi yalinimwagika mapajani.

"Wazee wanasema tulitoe jina lako haraka," aliendelea. "Jina la mtu mwenye bado anapumua, haifai. Ati tutakuwa tumekuzika bado uko hai. Watatafuta lingine."

"Utosi wake uko aje?"

"Ulikuwa umebonyea sana. Sasa umeanza kupanda."

"Na mkitoa jina?"

Nilijua, naye alijua, kwamba ziwa atalikataa tena.

"Mwacheni nalo," nikasema.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeshalitumia vya kutosha. Niwekee simu karibu naye."

Nikamsikia akimeza, haraka haraka, kwa uchu. Nilisikiliza mpaka akashiba. Jua lilikuwa limewaka uani, kuku wamejificha chini ya ghala, na miguu yangu ilikuwa baridi mpaka magotini. Nikaingia ndani kutafuta soksi.