Jumamosi za Petro Onchari

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga mvua. Ulikuwa mwaka uliofuata uhuru. Nilitoka kwetu Nyanchwa kwa miguu, nimevaa viatu vya kaka yangu, nikafika kituo cha hali ya hewa kando ya mji wa Kisii nikiwa nimeloa jasho. Mkuu wa Kituo, mtu wa Malindi mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi kuliko alivyonyooka yeye mwenyewe, akaniambia niende nikatazame kipimamvua. Hicho ni mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini. Ndani yake mna chupa, na maji ya chupa humiminwa kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, yakasomwa saa tatu kamili asubuhi, kila siku. Nilikuta vitone tu. Nikaona aibu kumpelekea mkubwa vitone, nikavimwaga kwenye nyasi, nikarudi nikasema hakuna kitu.

"Hakuna kitu, au hukuona kitu?" akauliza.

"Yalikuwa maji kidogo tu, bwana."

"Yako wapi?"

"Nimemwaga."

Akavua miwani. "Ewe kijana wa bara, hiyo ilikuwa mvua ya jana ya Kisii. Haipatikani tena, hata Gavana angerudi kuitafuta."

Akanifundisha kwamba hata tone lisilofika mstari wa kwanza lina jina lake, huitwa dalili, na huandikwa. Akanionyesha kibanda cheupe cha vipimajoto, viwili vikiwa bega kwa bega, kimoja kimevishwa utambi wa kitambaa chenye maji ili tujue unyevu wa hewa. Akanionyesha tufe la kioo linalochoma karatasi jua likiwaka, nasi tukapima urefu wa ule mchomo kujua jua limewaka saa ngapi. Kiswahili changu hiki pia alikinyoosha yeye. Nikisema "maji imejaa" alikuwa ananyamaza mpaka nirekebishe.

Nyinyi vijana mnaotazama mvua ya kesho kwenye simu, sikilizeni. Mvua ya siku moja haina maana kwa mtaalamu. Mvua ya kila siku, kwa miaka thelathini bila kuruka, ndiyo inayomwambia kama nchi inabadilika au ni maneno ya wazee tu. Siku moja ikikosekana, mwezi wote hutiwa alama nyekundu. Alama zikizidi, kituo hufutwa kwenye orodha, na miaka yote iliyotangulia hubaki karatasi za kufungia sukari. Kituo chetu kilikuwa hakijaruka siku tangu wakati wa wakoloni. Tulijivunia jambo hilo kuliko mshahara, na mshahara wenyewe tulikuwa tunaupenda.

Tulikuwa watatu. Mkuu alikuwa Mwislamu, mimi Msabato, na wa tatu alikuwa Petro Onchari wa Mosocho, Mkatoliki, mtu mfupi, mwenye mdomo usiopumzika. Zamu ilipangwa kwa ibada. Ijumaa Mkuu alikuwa msikitini, tukashika sisi. Jumapili Onchari alikuwa kwenye misa, nikashika mimi. Jumamosi nilikuwa kanisani Nyanchwa, akashika yeye. Hakuna kituo nilichowahi kukiona kilichopangwa vizuri hivyo, na hakuna aliyekaa ofisini kukipanga.

"Nyinyi Wasabato mnapumzika," Onchari alikuwa akinitania, "lakini mvua haijabatizwa. Jumamosi inanyesha kama wazimu."

Watu nao wakaniita Embura, yaani mvua. Hata leo kuna wazee mjini wasiojua jina langu jingine.

Mwaka wangu wa nne nilipewa baiskeli na cheo kirefu: Mkaguzi Msaidizi wa Vipimamvua. Kazi ilikuwa kuzungukia mashamba ya Nyansiongo, yale waliyoyaacha walowezi na watu wetu wakagawiwa. Wazungu waliondoka wakaacha vipimamvua vimesimama uani, na wakulima wetu waliendelea kuvisoma, wakiandika kwenye kadi na kututumia kwa posta kila mwezi. Hawakulipwa. Serikali iliwapa kadi na stempu, basi.

Kisha likaja neno ambalo nalichukia mpaka leo: kubana matumizi. Mnajua walianza kukata nini? Stempu! Si magari ya wakubwa, si mikutano ya wakubwa. Stempu za wakulima wa Nyansiongo. Baiskeli yangu ikafuata. Nilipopanda huko baada ya mwaka, kwa nauli yangu, nilimkuta mzee mmoja akimimina maziwa kwenye mtungi kwa ile faneli ya kipimamvua.

"Bwakire, Embura," akanisalimu bila haya.

"Bwakire, tata," nikamwitikia kama baba yangu. "Hiyo ni mali ya serikali."

"Serikali imeacha kuuliza, nami nimeacha kujibu." Akaendelea kumimina.

Nilikasirika naye njia nzima ya kurudi. Leo najua nilimkasirikia asiye na kosa.

Miaka ya sabini ilipoingia, Mkuu wa Kituo alihamishwa na nafasi yake haikujazwa. Karatasi za jua ziliisha. Lile tufe la kioo likabaki linawaka bure kama pete kidoleni mwa mfu. Kitambaa cha utambi kiliisha, mke wangu akakata foronya yetu. Wino nilinunua mwenyewe kwa Mhindi mwenye duka la vitabu, naye mara nyingine alinipa chupa akikataa hela, akisema anataka kujua kama mvua ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana. Halafu siku moja Landrova ikaingia, akashuka Afisa wa Mkoa na bahasha mbili. Yangu ilisema nabaki. Ya pili ilikuwa ya Onchari. Alikuwa amepunguzwa kazi.

"Mbona yeye?" nikauliza.

"Mmoja alitakiwa abaki. Wewe una cheo."

"Afande, na Jumamosi?"

"Jumamosi ina nini?"

Nikamweleza. Alicheka, akamtazama dereva wake ili naye acheke. "Bwana wewe, mvua ya Kisii nani asiyeijua? Hunyesha kila alasiri. Jumapili ukija, weka ya Jumamosi kwa kukisia. Chukua ya Ijumaa na ya Jumapili, gawanya kwa mbili."

"Huo ni uongo."

"Huo ni wastani," akasema. "Na nikiona mtu mwingine ameandika humu daftarini, au nafasi tupu, nitapendekeza kituo kifungwe. Yako maeneo yenye mvua ya maana kuliko hii yenu."

Loo! Mvua ya maana! Mtu aliyeweza kuhesabu kila tairi la Landrova yake aliniambia nigawanye mawingu kwa mbili. Na msiniulize kwa nini sikusoma Jumamosi mwenyewe. Sabato yangu hakunipa Afisa wa Mkoa, wala hakuwa na uwezo wa kuninyang'anya. Onchari alichukua bahasha yake, akanipa mkono, akaenda zake bila mzaha hata mmoja. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumamosi hiyo nilikaa kanisani sisikii mahubiri. Jumapili nikaenda kituoni nikijua nitakuta chupa yenye maji ya siku mbili yaliyochanganyika. Nikakuta maji ya siku moja. Kwenye kibanda cha vipimajoto palikuwa na kipande cha karatasi ya daftari, kimekunjwa: mvua, joto, unyevu, saa tatu kamili. Mwandiko wa Onchari.

Nilimfuata Mosocho sokoni, ambako alikuwa ameanza kuuza ndizi.

"Nani amekutuma?" nikamwuliza.

"Wewe nenda kanisani kwako. Mimi na Jumamosi tumezoeana."

"Hawatakulipa, Petro."

"Nimekuomba?" Akanipachikia chane la ndizi mikononi. "Peleka kwa watoto. Na unakili vizuri, saba zangu usizifanye moja."

Tangu hapo, kila Jumamosi, mvua au jua, alitoka Mosocho kwa miguu akaja kusoma, akaacha karatasi. Jumapili niliziandika kwenye daftari kuu na kutia sahihi. Sahihi yangu! Jina lake lingeonekana, kituo kingefungwa. Kwa hiyo daftari la serikali linasema mimi, mzee wa kanisa, nilivunja Sabato kila wiki kwa miaka saba, tena kwa bidii. Mchungaji wetu angeliona angenifukuza.

Mwaka wa tano wa mambo hayo, msimu wa mvua nyingi, Onchari aliteleza kwenye mteremko ulio chini ya kituo akitoka kusoma. Mguu ulivunjika juu ya goti. Watu waliokuwa wakienda sokoni walimbeba kwa machela ya matawi. Maneno yakafika mbali, na hazikupita wiki mbili nikapata barua ya Afisa wa Mkoa: nieleze kwa maandishi kama yuko mtu asiye mtumishi anayeingia kituoni kuchukua vipimo.

Niliamua kuandika ndiyo. Kama angetambuliwa kuwa aliumia akifanya kazi ya serikali, angetibiwa vizuri, pengine angerudishwa. Nikaenda wodini kumwambia. Mguu wake ulikuwa umetungikwa kwa kamba na jiwe.

"Andika hapana," akasema.

"Petro, utakuwa kilema."

"Ukiandika ndiyo, watafuta Jumamosi zote. Halafu watafuta na kituo. Nimetembea miaka mitano kwa ajili gani? Kutafuta hewa safi?"

"Na mguu?"

"Mguu umeshavunjika, Embura. Hauwezi kuvunjika tena kwa barua. Andika hapana, wewe!"

Mkewe Kemunto alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nilimtazama nikitumaini atapinga. Akamfunika mumewe blanketi. Nikarudi, nikaandika hapana. Mara nyingi namlaani yule Afisa, lakini mkono ulioandika hapana ulikuwa huu wangu, na kwa huo sijui nimlaumu nani.

Miezi mitatu Onchari alipolala, Kemunto ndiye aliyekuja Jumamosi. Hakujua kusoma. Alimimina maji ya kipimamvua kwenye chupa safi, akaziba kwa gunzi la mahindi, akaniachia nipime Jumapili. Joto la siku hizo niliacha tupu na kuandika kipimajoto kibovu. Huo ndio uongo mwingine niliotia sahihi. Baadaye Onchari akarudi na fimbo, akiutembea ule mwendo wa saa moja kwa muda wa saa mbili.

Alifariki mwishoni mwa miaka ile ya sabini, kifua. Mazishini wasemaji walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa muuza ndizi mwaminifu na mwanakwaya. Nilipoitwa kusema nilikuwa bado mtumishi, na Afisa wa Mkoa alikuwa amepanda cheo. Nikasema tulifanya kazi pamoja zamani. Kemunto akanitazama, akainamisha kichwa. Hiyo aibu sijapata pa kuiweka. Baada ya hapo serikali ilipata mtu wa pili wa kituo, baada ya miaka saba ya kuambiwa fedha hakuna.

Nilipostaafu nilipewa cheti chenye fremu. Kinasema sikukosa siku hata moja.

Mwaka jana alikuja mtafiti, msichana wa watu wa Nyamira, anachunguza mabadiliko ya tabianchi. Alisema katika nyanda zetu zote, miaka ile ya kubana matumizi ni shimo tupu isipokuwa kituo kimoja, na kwamba bila kituo hicho asingeweza kuthibitisha lolote. "Babu, uliwezaje?" akaniuliza, amenishika mikono yote miwili. Nikashindwa kuistahimili ile heshima. Nikamwambia yote. Akalia kidogo, kisha akanisaidia kuandika barua kwa ofisi, kuomba Jumamosi zile ziandikwe jina la aliyezisoma.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari miwili. Wamepokea maelezo yangu kwa shukrani. Kwa sasa hakuna fungu la fedha la kurekebisha kumbukumbu za zamani.

Basi narekebisha mwenyewe, bila fungu. Mvua ya kila Jumamosi ya kituo cha Kisii, miaka ile saba, saa tatu asubuhi, ilisomwa na Petro Onchari wa Mosocho. Miezi mitatu kati yake ilikusanywa na mkewe, Kemunto. Mimi sikuwapo.